Bibi Hakuomba Kupumzishwa

Zamu ya nyumba yao ilikuwa imefika tena, na Brigitha alichoka hata kabla hajashika ufagio. Alikuwa ametoka shuleni na jua lote la Ifakara kichwani. Alivua sare, akaenda kisimani na ndoo, akarudi, akaenda tena. Kisha akapiga magoti akaanza kusiliba sakafu ya sebuleni kwa udongo laini, kama alivyofanya kila zamu ilipofika.

“Na pale mlangoni pia, mjukuu wangu,” alisema Bibi Aurelia kutoka kwenye kigoda chake. “Watu wataingilia hapo.”

“Watu gani, Bibi?”

“Watu wa jumuiya.”

Brigitha alichota udongo mwingine. Watu wa jumuiya! Wakatoliki wa mtaa ule walikusanyika kila Jumatano jioni kusali katika nyumba ya mmoja wao, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa jirani yake, mpaka mtaa wote uishe. Ila kila zamu ilipofika kwa Bibi Aurelia, mwenyekiti wao, Mzee Hermenegildi, alikuja na baiskeli yake mapema, akasema kwa upole, “Bibi, wiki hii tumeona tukupumzishe.” Basi wakairuka nyumba yake, wakaenda kusali inayofuata.

Sababu haikusemwa, lakini hata watoto wadogo waliijua. Zamani Bibi aliugua ukoma. Alitibiwa akapona kabisa, miaka mingi kabla Brigitha hajazaliwa, ila vidole vyake vilibaki vifupi. Ugonjwa ulikwisha, woga wa watu haukwisha. Wakampumzisha, wakampumzisha, mpaka hayo mapumziko yenyewe yakamchosha.

Mgeni wa kweli katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, Chandrika, mwanamke kutoka Sri Lanka aliyekuja Ifakara kuchunguza mbu wa malaria. Mtaani walimwita daktari wa mbu. Siku ya kwanza alikuja kutundika mtego wa mbu chumbani kwa Bibi. Bibi akamkaribisha chai, naye akainywa yote, akaomba nyingine. Tangu hapo hakuacha kuja. Dini yake ilikuwa ya Buddha, na majirani walinong’ona kwamba anaabudu sanamu.

“Na sisi kule kanisani sanamu hatuna?” Bibi alicheka aliposikia. “Mwacheni mtoto wa watu anywe chai yake.”

Brigitha alipokwenda tena kisimani, alikutana na Chandrika njiani akisukuma baiskeli, mitego imefungwa nyuma.

“Hujambo, Brigitha? Mbona umechoka hivyo?”

“Sijambo, shikamoo. Leo ni zamu yetu ya jumuiya.”

“Marahaba. Basi nakuja kukusaidia kupika vitumbua.”

Brigitha alitua ndoo chini. Mzee Hermenegildi akimkuta huyu amekaa mkekani, si atakuwa amepata kisingizio kingine cha kuwaruka?

“Usije leo,” alisema akitazama chini. “Wewe husali kama sisi. Yaani… tumeona upumzike.”

Chandrika aliishika baiskeli kwa mikono miwili.

“Buddha alifundisha kwamba mtu hawi duni kwa ukoo aliozaliwa,” alisema polepole. “Matendo yake ndiyo yanayomfanya duni au bora. Kwetu tunayasema hayo tangu utotoni, na bado wako watu ambao majirani hawanywi maji nyumbani kwao. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo hilo neno lako nalijua. Msalimie Bibi.”

Akaenda zake akiisukuma ile baiskeli, hakuipanda.

Brigitha alirudi nyumbani miguu mizito. Aliwasha moto, akaanza kumimina unga wa mchele uliokorogwa kwenye kikaango cha vitumbua. Bibi alikuwa akichungulia njia.

“Mbona Chandrika simwoni? Alisema leo atapita.”

Brigitha alijaribu kusema ni moshi, lakini machozi yalishatoka. “Nimemwambia asije, Bibi. Nilidhani wakimwona hapa hawatakuja. Nimemwambia apumzike.”

Bibi aliacha kuchungulia njia. Vitumbua vikaanza kuungua na hakuna aliyevigeuza.

“Hilo neno umelitoa wapi?” aliuliza mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyebeba kuni tangu alfajiri.

“Kwa Mzee Hermenegildi.”

“Maskini mimi! Miaka yote linaniuma, nalimeza kimya, kumbe wewe unalisikia na kulihifadhi. Nenda kamwite. Siwezi kudai haki yangu kwa watu huku nyumba yangu inamnyima mwenzangu ya kwake.”

Brigitha alikimbia. Alimfikia Chandrika karibu na lango lake, akashindwa hata kupumua vizuri. “Nisamehe. Hukunikosea kitu. Bibi anakuita, na mimi pia nakuita.”

Waliporudi, baiskeli ya Mzee Hermenegildi ilikuwa imeegemezwa uani.

“Tumsifu Yesu Kristo,” alikuwa akisema.

“Milele, amina,” Bibi alijibu.

“Bibi, wiki hii tumeona tukupumzishe. Tutasali nyumbani kwa jirani yako, Melkiori.”

Siku zote Bibi alijibu, “Haya, asanteni.” Leo aliinuka kwenye kigoda, taratibu, mkono mmoja kiunoni.

“Mwenyekiti, mimi nimechoka.”

“Ndiyo maana tunaku…”

“Nimechoka kupumzishwa. Nani kati yenu alinisikia nikiomba mapumziko?”

Mzee Hermenegildi alikohoa. Akamtupia jicho Chandrika. “Na huyu je? Huyu hata si…”

“Huyu amekunywa chai yangu tangu siku ya kwanza. Sasa niambie wewe, unayetusomea Injili. Yule mwenye ukoma alipompigia Yesu magoti, Yesu alingoja apone ndipo amguse?”

“Hapana, Bibi. Alimgusa kwanza.”

“Alimgusa kwanza. Mimi nilikwisha kupona, mwanangu. Ninyi mtanigusa lini?”

Alimnyooshea kitumbua kwa mkono wake wenye vidole vifupi. Brigitha alimwomba Mungu kimoyomoyo. Mzee Hermenegildi aliutazama ule mkono. Alijifuta kiganja kwenye suruali, akakipokea kitumbua, akala. Kisha akaushika mkono wa Bibi kwa mikono yake yote miwili.

“Nisamehe, Bibi,” alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. “Tulikuwa waoga, tukajidanganya kwamba tuna huruma. Nakwenda kuwageuza watu. Tunasali hapa.”

Si wote waliokuja. Wengine walisimama mlangoni, wakikataa mkeka kwa adabu nyingi mno, na mama mmoja alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Bibi alikiona, akamjazia chai humohumo. Watu waliposali, Chandrika aliketi pembeni, viganja vimekutana kifuani, kimya. Sala ilipokwisha, Mzee Hermenegildi mwenyewe ndiye aliyemmiminia chai.

Wageni walipoondoka, sakafu ilikuwa imejaa alama za miguu. Brigitha alishusha pumzi akachukua karai la udongo.

“Iache kwanza,” Bibi alisema. “Nataka niitazame hivyohivyo.”

Aliketi, akanyoosha miguu yake iliyochoka, akamvuta mjukuu wake karibu.

“Sikiliza, Brigitha. Kila mtu amezaliwa na haki ya kuketi na wenzake, awe anasali kama wewe au hasali kama wewe. Wanaotunyima haki hiyo hawaji na fimbo, mara nyingi wanakuja na maneno matamu. Na wewe ulishaanza kuyajua. Kwa hiyo siku nyingine ukitaka kumpumzisha mtu, muulize kwanza mwenyewe kama amechoka.”