Kadi Isiwake

"Mgebuka, unanisikia?"

"Nakusikia, Kuhe."

"Tumenasa simu ya lile genge. Wamesema hivi: router ikiwaka tu, yule kijana hatuna kazi naye tena. Mzigo unavuka leo."

Mgebuka na Kuhe, majina ya samaki, yalikuwa ya kificho: la Aikande na la mwenzake wa ofisini. Aikande alikuwa ameinama mchangani, ufukweni Kibirizi, akigeuza dagaa juani. Kifaa cha sikioni, kidogo kama punje ya mahindi, kilifichwa na kilemba. Kiunoni, chini ya kanga, bastola, Glock 19.

Aligeuza tena dagaa zilezile.

Kijana huyo Aikande alikuwa anamjua. Na mama yake ndiye aliyekuwa anageuza dagaa pembeni yake.

"Mama Gasper, mbona umepauka hivyo?" Skolastika alimuuliza.

Ufukweni pale hakuna aliyejua kwamba Aikande ni mpelelezi. Kwao alikuwa Mama Gasper, mama wa Kichaga aliyekuja kununua dagaa akanogewa na ziwa.

"Jua tu, dada."

"Mimi mwenzio silali. Nickson simu haipatikani tangu juzi. Ati kapata kazi ya kuunda router, kwa watu wa WhatsApp. Hata sura zao hajui! Nikamwambia, mwanangu, kazi gani hiyo unafuatwa na gari la vioo vyeusi? Akanicheka. Mama, ati, wewe uliishia la saba, haya mambo ya kompyuta utayajulia wapi?"

Ndivyo wanavyotujibu. Mwenye mtoto anajua.

Aikande aliinuka kidogo akatazama nyua za nyuma yao, zile zilizojipanga kando ya ufukwe. Simu iliyonaswa ilitoka humo; Nickson yumo katika mojawapo. Ipi?

*

Nickson alikuwa kwenye chumba cha madirisha yaliyopigiliwa mbao.

Mezani palikuwa na kompyuta kuukuu, imefunguliwa mbavu, na ndani yake kadi ya Wi-Fi ya antena mbili. Hiyo ndiyo router yao. Walitaka mtandao wao wenyewe, usiopita kwenye kampuni yoyote ya simu, wa kuongea na boti ikiwa majini. Na boti hiyo inavusha risasi ndani ya magunia ya dagaa. Hayo Nickson aliyajua akiwa ameshafungiwa mlango.

"Dogo, unanichezea?" aliuliza Adolf, mkubwa wao.

"Hapana, bro. Draiva imegoma. Kompyuta inaiona kadi, lakini bila draiva yake haiwezi kuongea nayo. Natafuta ya zamani."

"Jana ulisema hivyohivyo."

"Hizi kadi za bei poa ndivyo zilivyo."

Adolf alicheka. Akaweka bastola mezani, karibu na mausi.

"Maliza, ukapumzike."

Nyuma ya nyumba jembe lilikuwa linapiga ardhi. Puu. Puu. Nickson aligeuza shingo.

"Shimo la choo," Adolf alisema, kabla hajaulizwa.

Draiva alikuwa ameshaipata tangu asubuhi. Ameiweka, imekubali. Taa ya kijani ya kadi ameiziba kwa tepu nyeusi. Kilichobaki ni kuurusha mtandao, na aliogopa, maana Adolf akifungua simu yake ataliona jina la mtandao huo.

Lakini jembe halikunyamaza.

Aliandika jina la mtandao. Akafumba macho. Akabonyeza.

*

Simu ya Aikande, Tecno, ilitetemeka: mtandao mpya wa Wi-Fi.

NICKSON WA MAMA SKOLA. Mistari yote imejaa.

"Kuhe, mtandao umewaka."

"Mungu wangu. Basi wanamuua."

"Nadhani hawajui. Kauwasha kwa siri ili watu wa ufukweni wajue alipo."

"Nyumba ipi?"

"Ni hapahapa, lakini nyua ni nyingi. Zote za mabati, zote zimeanika dagaa."

"Usibahatishe. Ukigonga nyumba siyo, watasikia, na kijana ndiyo basi."

Ngurumo ikapiga. Ng'ambo, milima ya Kongo ikafutika.

"Anueni! Anueni jamani, mvua!"

Ufukwe mzima ulilipuka. Mageti yakafunguliwa, wanawake na maturubai, watoto na mabeseni, baba mmoja na sabuni kichwani. Skolastika alikuwa anakusanya kwa mikono miwili.

"Mama Gasper! Umesimama unaota?"

Aikande hakuwa anatazama dagaa zake. Alikuwa anatazama mageti.

Moja halikufunguka.

Geti la bluu. Mbele yake chanja mpya, dagaa tele juu yake, na mvua inazipiga. Hakuna hata mtu wa kuchungulia. Kibirizi hakuna mwenye dagaa anayekaa ndani mvua ikinyesha.

"Kuhe, geti la bluu, jirani na kisima. Leteni watu, na boti ya doria majini."

"Dakika kumi."

"Hana dakika kumi."

*

Ndani, Adolf alikuwa ameshika simu. Uso ukambadilika.

"Mama Skola ni nani?"

Nickson alisukuma kiti nyuma. Adolf akanyanyua bastola.

"Hodi! Hodi humu! Dagaa zenu zinalowa jamani!"

Adolf akatukana, akaficha bastola mgongoni, akafungua mlango. Mama ameshapita getini, karai kichwani, kanga chapachapa.

"Toka hapa, mama!"

"Shikilia basi hili karai, baba."

Karai lilimpata usoni. Kabla hajapata pumzi, mdomo wa Glock ulikuwa shingoni mwake na bastola yake imeshaanguka. Mchimbaji alikuja mbio, jembe juu. Risasi moja ya paja. Akaketi matopeni akilia.

"Inama, Nickson! Usinyanyue kichwa!"

"Mama Gasper?"

"Inama, nimesema!"

Ving'ora. Kisha sauti sikioni: "Mgebuka, boti imekamatwa. Magunia yote, risasi zote."

Skolastika, aliyesikia jina la Nickson likiitwa, aliingia akikimbia, akamchapa mwanawe makofi ya mgongo, akamkumbatia, akamchapa tena. Kisha akaona nyuma ya nyumba. Shimo linajaa maji.

"Lile la nini?"

"La choo, mama," Nickson alisema.

Skolastika alilitazama. Refu kama kitanda, na upana wake ndio uleule wa kitanda. Aliwahi kuzika.

Alimshika mwanawe mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara, na hakuuachia.

Aikande aliokota karai lake, akaliweka kichwani, akatoka taratibu kwenye mvua.