Kipande Alichokiita Mama Mina

Ghalia binti Saleh si mtu wa kuzua. Wanaomjua pale Bagamoyo watakwambia: mpole, maneno yake ya kupima, kazi yake kupiga video za harusi upande wa wanawake. Pale ambapo mwanamume haruhusiwi kutia mguu, Ghalia ndiye huingia na kamera. Haya yaliyompata ameyasimulia mara chache, na kila mara mlango ukiwa wazi na watu wakipita nje.

Ilikuwa mchana kama michana mingine. Baba yake, Mzee Saleh, alikuwa mbele dukani akibishana na wateja bei za kanga. Ghalia alikuwa chumba cha nyuma, feni inazunguka kivivu, kompyuta mezani. Wiki ile alikuwa amepiga shughuli ya Mina, binti wa kijiji cha Zinga, aliyeolewa na kijana mmoja aitwaye Ridhiwani na kupelekwa Kerege kukaa fungate. Sasa vipande vyote vya video vilikuwa vimemwagwa ndani ya folda moja kama dagaa kwenye tenga.

Kamera haijui kumtaja mtu. Kila kipande inakipa namba, basi. Na Ghalia hakati hata kipande kimoja mpaka vyote viwe na majina, maana kazi isiyo na majina humpotea mtu mikononi. Kwa hiyo alikuwa akifungua, akitazama, akiandika. Hina miguuni. Wapishi wanataniana. Vigelegele mlangoni. Kazi ya kuchosha, lakini yeye aliipenda. Ilikuwa kama kukunja nguo zilizotoka kuanuliwa.

Akafika kwenye kipande cha singo, ule unga wa manjano wenye manukato anaosuguliwa bibi harusi ang'ae.

Hicho hakukipiga kwa mkono wake. Alikuwa ameiacha kamera juu ya stendi, pembeni mwa chumba cha bibi harusi, naye akaenda jikoni. Mina amekaa mkekani, kanga kifuani, kichwa ameinamisha. Nyuma yake amepiga magoti mwanamke aliyevaa kaniki nyeusi, anampaka singo mgongoni. Taratibu. Kama mtu anayepiga pasi hariri. Uso wa mwanamke hauonekani, mgongo wake uko kwenye kamera.

"Tulia, mwanangu," sauti ikasema.

Ghalia akatabasamu. Mama mzazi huyo. Siku ile mama alishinda jikoni kwenye moshi, mtandio ameuvuta mpaka machoni, na Ghalia alimwamkia mara moja tu kwa mbali. Kumbe alipata nafasi ya kumkanda mwanawe. Akaandika: Mama Mina anapaka singo.

Kisha akamwona tena mwenye kaniki kwenye kipande kingine, amesimama nyuma ya wachezaji. Akaandika: Mama Mina ukumbini. Na kingine, amekaa kwenye ngazi peke yake. Mama Mina anapumzika. Kila alipoona kaniki, aliandika jina hilo. Alipofunga kompyuta, alijisikia mwepesi.

Jambo moja tu lilimgusa wakati anatoka. Katika vipande vyote vile, hakuna mtu hata mmoja aliyempisha mama wa bibi harusi njia.

Kesho yake, watu wakiwa wametoka msikitini kuswali adhuhuri, hodi ikapigwa dukani. Wanawake wawili. Mmoja Ghalia alimtambua mara moja: Bi Ashatu, shangazi yake Mina, ndiye aliyekuwa somo wa bibi harusi, aliyemfunda. Wa pili, mtu wa makamo, macho yamevimba kwa kulia, ameshika hotipoti iliyofungwa kwa kitambaa.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Tuingie ndani," alisema Bi Ashatu. "Maneno haya si ya dukani."

Walipokaa, yule wa makamo hakungoja. "Asubuhi nimempelekea mwanangu chakula Kerege. Nimepiga hodi. Kafungua mwenyewe. Kanitazama." Akaikaza hotipoti mapajani. "Kasema, karibu mama, unamtafuta nani?"

"Labda alikuwa na usingizi," Ghalia alisema.

"Nikacheka, nikidhani mzaha. Nikamwambia, Mina, ni mimi. Akarudi nyuma hatua, kama anayeniogopa. Halafu ndani kukatoka sauti ya mwanamke. Ikasema, nani huyo, mwanangu?"

Mbele dukani Mzee Saleh alikuwa akicheka na mteja.

"Na Mina akajibu," mwanamke akamalizia kwa kunong'ona, "akasema, simjui, mama."

Ghalia alimgeukia. "Samahani. Wewe ni nani yake Mina?"

"Mimi Kuruthumu. Mama yake mzazi."

"Tumekuja tuone zile video," Bi Ashatu akaingilia. "Huyo aliyeingia nyumbani kwa watoto, huenda alianzia kwenye shughuli. Wewe ulikuwa na jicho kila mahali."

Ghalia alifungua kompyuta, akafungua folda, na yale majina yakajipanga mbele yao. Mama Mina. Mama Mina. Mama Mina. Akabonyeza kipande cha singo.

Mwanamke wa kaniki hakuwa ameipa kamera mgongo wote tena. Sasa alikuwa amegeuka upande. Shavu lilionekana.

Bi Ashatu alishika mdomo.

"Unamjua?" Bi Kuruthumu aliuliza.

"Nilimwosha mimi siku ya kuzikwa," Bi Ashatu alisema, sauti imemwisha. "Kwa mikono yangu hii, nywele zake zote zimeshakuwa nyeupe kabla ya umri. Ni Rehani. Mke wa kwanza wa kaka yangu, kabla hajakuoa wewe. Hakujaaliwa mtoto. Alikuwa akiwasimamisha watoto wa watu njiani, anawapa kashata, anawabembeleza: niite mama. Watoto wakawa wanamkimbia. Mpaka anakata roho, kila aliyeingia chumbani anamwomba hilohilo. Niite mama. Na sisi tukaona aibu, hakuna aliyemwitikia."

Akamgeukia Ghalia. "Nani kaandika hivi?"

"Mimi," Ghalia alisema. "Nilidhani ni mama mzazi."

"Basi umemwita. Na ameitika."

Ghalia akaliwekea kidole jina lile, akalifuta, akaandika: Rehani anapaka singo. Likakubali. Akashusha pumzi. Alipotazama tena, liliandikwa Mama Mina. Akaandika Mgeni. Likarudi. Akaandika namba ileile iliyotolewa na kamera. Likarudi.

Na pale kwenye picha, iliyokuwa imesimamishwa, shavu lilikuwa limekuwa uso nusu. Jicho moja.

"Nifute kabisa," Ghalia alisema, kidole kikielekea kitufe cha kufutia.

Bi Ashatu alimdaka mkono. "Usithubutu! Hebu tazama mikono yake iko wapi. Iko juu ya mtoto. Ukimfuta yeye unamfuta na nani?"

"Fungua vipande vingine," Bi Kuruthumu alisema. "Nionyeshe nilipokuwa mimi. Nilitoka jikoni mara moja, mtandio machoni hivyohivyo, nikaleta sinia la hina mbele ya watu wote."

Ghalia alikitafuta kipande hicho. Alikumbuka kukipiga. Sinia lilikuwapo, na vigelegele. Lakini aliyelibeba alivaa kaniki. Wakatafuta jikoni. Sufuria, moshi, wapishi, na pale kwenye jiko la katikati nafasi tupu, mwiko ukiwa umeegemea ukingoni, mbele yake hamna mtu.

Bi Kuruthumu aliigusa skrini kwa ncha ya kidole. Hakulia. Hilo ndilo Ghalia analolikumbuka zaidi, kwamba hakulia.

Halafu Bi Ashatu alimtazama wifi yake kwa upole wa ajabu, akasema, "Mama, na wewe umekuja na nani hapa?"

"Wifi!"

"Samahani. Mimi na wewe tumewahi kuonana?"

Ghalia alitaka kumjibu Bi Ashatu, kumwambia huyu ni... huyu ni... Akamtazama mwanamke mwenye hotipoti. Uso mwema. Uso wa mtu. Jina halikuja. Muda mfupi tu nyuma alikuwa nalo mdomoni.

"Umesema unaitwa nani?" aliuliza.

Mwanamke alifungua kinywa. Akakifunga. Macho yakamzunguka chumbani, yakatua kwenye chakula alichokipakata.

"Nilikuwa nampelekea mtu," alisema polepole. "Mtu wangu."

Feni ikasimama. Umeme haukukatika, taa ya kompyuta ilikuwa inawaka. Kwenye skrini, macho mawili sasa. Uso mzima wa Rehani, si wa kutisha, si wa hasira. Ulikuwa na njaa. Midomo ikatikisika pasipo sauti, na Ghalia akayasoma maneno.

Niite tena.

Ghalia aliushika mkono wa yule mwanamke. Ulikuwa mwepesi kama kanga iliyokauka. "Mama," alimwambia, kwa kuwa hakuwa na jina jingine la kumpa. "Mama, mtu wako nani? Nani ulimpikia?"

Sauti ikatoka mbali sana, "Mina."

"Mina ni nani wako?"

"Nilimzaa." Vidole vikakaza. "Nilimzaa mimi. Siku mvua imevunja daraja, hakuna gari. Wangu. Wa peke yangu." Akainua kichwa akautazama ule uso kwenye skrini, mama kwa mama. Ghalia alidhani atatukana. Alidhani ataipiga kompyuta.

"Mume wangu alimwoa huyu kabla yangu?" aliuliza.

"Kabla yako," Ghalia alijibu.

"Basi yeye ni mkubwa wangu." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Mtoto wa mke mdogo humwitaje mke mkubwa? Mwandike. Mwandike haki yake. Mama Mkubwa."

Ghalia akaandika. Vidole viligonga pasipostahili, akarudia. Mama Mkubwa anapaka singo. Akabonyeza.

Likakaa.

Akaandika la pili. Likakaa. La tatu, la nne, mpaka la mwisho, naye hakuthubutu kupepesa macho. Feni ikaanza kuzunguka. Kwenye kipande cha singo Mina alikuwa amekaa mkekani peke yake, mgongo unang'aa manjano, na kule jikoni mwanamke mwenye mtandio machoni alikuwa akikoroga sufuria na kumfokea mpishi.

"Wifi," Bi Ashatu alisema, kama aliyezinduka, "mbona umekumbatia hicho chakula, kitapoa."

Simu ikalia ndani ya pochi ya Bi Kuruthumu. Sauti ya Mina ilisikika mpaka nje. "Mama! Tangu asubuhi nakungoja, tuna njaa hapa, umepotelea wapi?"

Hapo ndipo Bi Kuruthumu alipolia.

Walikwenda Kerege wote watatu, jua bado liko juu. Mina aliwapokea anacheka, akamrukia mama yake shingoni. Hakukumbuka kumfungulia mtu mlango asubuhi. Ridhiwani, mumewe, aliapa kwamba hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kwao tangu fungate ianze. Wakamwamini. Wakala.

Ilikuwa wakati Mina anatawadha kwa swala ya alasiri, mtandio ukamwanguka, ndipo walipoona kichwa chake.

Alikuwa amesukwa. Siku ya harusi nywele zilikuwa zimebanwa tu kwa nyuma, Ghalia mwenyewe alizipiga picha. Sasa zilikuwa zimelazwa kwa mistari myembamba iliyozunguka kichwa kizima, msuko wa zamani ambao Ghalia hajauona kwenye saluni yoyote. Mina alijipapasa, akashangaa. "Nani kanisuka?" aliuliza, na akashtuka.

Bi Ashatu alimkalisha chini amfumue. Huyu ni mama aliyesuka vichwa vya wanawake wa Zinga tangu usichana wake. Alitafuta mwanzo wa mstari nyuma ya sikio, hakuuona. Akatafuta kisogoni. Akatafuta utosini, akapita na kila mstari kwa ukucha, ukazunguka na kurudi palepale alipoanzia. Msuko haukuwa na mwanzo. Haukuwa na ncha.

Mwisho aliinamisha kichwa cha binti dirishani kwenye mwanga, akakitazama kwa karibu, kisha akaondoa mikono yake polepole, akaipangusa kwenye kanga.

Kila mstari, pamoja na nywele nyeusi za Mina, ulikuwa umesukiwa ndani yake unywele mmoja mrefu, mweupe.