Fundi Viatu na Ugonjwa Aliouonea Aibu

Fundi viatu alikuwa mcheshi. Mteja akimletea kiatu kilichopasuka, alikigeuza na kusema, "Hiki hakijafa, kimezimia tu." Kibanda chake hakikukosa watu. Jioni alipenda maini ya kukaanga, akashushia bia.

Asubuhi moja aliamka kidole gumba cha mguu kimevimba. Kilikuwa na joto, na kiliuma kama kimechomwa moto. Aliona haya kusema. Mtaani watu waliamini kwamba kidole kikivimba hivyo, mwenyewe ni mlevi au mlafi. Basi akawaambia wateja kuwa nyundo ilimwangukia. Akanunua vidonge vya maumivu dukani, akavimeza kama njugu.

Maumivu yalipoa. Baada ya miezi michache yakarudi, makali zaidi. Fundi akasema tena ni nyundo.

"Nyundo hiyo ina kisa na wewe," mteja mmoja akamtania. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani kwake alikaa pia mama mkwe. Mchana mmoja mama huyo alimkuta fundi amelala mkekani. Akamwonea huruma, akamfunika shuka taratibu. Shuka likagusa kidole. Fundi akaruka kwa maumivu, akamtukana mama mkwe wake mbele ya mkewe. Neno lenyewe halifai kuandikwa.

Mama mkwe alikunja shuka, akafunga mzigo wake, akaenda kukaa kwa mwanawe mwingine. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkewe hakugomba. Alisema tu, "Kesho tunakwenda zahanati. Na ukweli utausema wewe mwenyewe."

Tabibu alipomuuliza kilichompata, fundi akaanza, "Nyundo..." Mkewe akamtazama. Fundi akainamisha kichwa, akasema yote: maini, bia, vidonge, hata lile tusi.

Tabibu hakumcheka. Alimpima damu, akamwambia ugonjwa wake unaitwa jongo. Akamweleza kwamba ndani ya mwili na ndani ya vyakula mna kitu kiitwacho purini. Mwili ukikivunja, hubaki taka iitwayo asidi ya yuriki. Figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, hugeuka chembe zenye ncha kama sindano, zikakaa kwenye kiungo.

"Ndiyo maana hata shuka linakuumiza," alisema.

"Kwa hiyo ni ulafi wangu?"

"Maini, nyama nyingi, bia na soda huzidisha. Lakini wengine huzaliwa na figo zisizoitoa vizuri. Wapo wasioonja bia, nao wanaugua. Jongo si aibu. Kuuficha ndiko kubaya. Asidi ikizidi miaka mingi huharibu viungo na kuleta mawe kwenye figo. Na vidonge vya maumivu, ukivimeza ovyo, huumiza figo hizo hizo."

Akampa dawa ya kutuliza uvimbe. Baadaye angeanza dawa ya kila siku ya kupunguza asidi, wala asiiache hata akijisikia mzima. Anywe maji ya kutosha. Arudi kupimwa.

"Na lile tusi?" fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Hilo sina dawa yake," tabibu akajibu.

Uvimbe ulipopungua, fundi alimfuata mama mkwe. Alisimama mlangoni, macho chini.

"Mama, nimekukosea. Nilikuwa naumwa, lakini maumivu hayakunipa ruhusa."

Mama mkwe akasema, "Maumivu nayajua, baba. Tusi ndilo lililoninyima usingizi." Akamsogezea kigoda. "Haya, zahanati wamesemaje?"

Fundi akamweleza, mpaka zile chembe kama sindano. Mama akauliza kama maharage yamekatazwa. Fundi akasema hayana neno.

Mama mkwe alirudi nyumbani kwa fundi. Bia fundi aliiacha, na maini akayaaga. Mwaka ulipita bila kidole kuvimba. Kibandani, mtu akija akichechemea, humwambia waziwazi kuhusu jongo na kumwelekeza zahanati.

Lakini kila asubuhi, anapomwamkia mama mkwe, macho yake bado huangalia chini.

"Marahaba, baba," mama humjibu. "Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa, Mama."