Sururu Iliyobaki Shimoni

Famoro alikuwa mbishi tangu tumboni mwa mamaye. Jumapili ile wachimba dhahabu wote wa machimbo ya Bure walikuwa wamekwisha panda juu, wengine wako kwa wachuuzi wa Kiwangara wanabadilisha vumbi la dhahabu kwa vibamba vya chumvi, ndipo akakumbuka kwamba sururu ya marehemu baba yake ameiacha shimoni.

"Iache," alisema mkewe, Saran, wakiwa ukingoni mwa shimo. "Jumatatu ni siku ya wenyewe. Majini nao wanachimba."

"Ndiyo maana naifuata! Chuma kikikutwa huko siku yao, kimekuwa chao. Na jua si lile pale?"

Jua lilikuwepo kweli, limebaki kama ukucha.

"Baba Nyale, siku haingoji alfajiri. Inaanza jua likizama."

"Hujamaliza kununa nitakuwa nimerudi."

Akashuka, huku akikanyaga vishimo alivyovichonga mwenyewe ukutani. Vilikuwa kumi na vinne. Chini alipapasa, akaipata sururu. Mpini ulikuwa wa moto… kama umetoka mikononi mwa mtu sasa hivi.

Akatazama juu. Kumekuwa giza.

Ko… ko… ko…

Mtu alikuwa akichimba. Ndani ya ukuta. Karibu kabisa. Ikamjia harufu ya jasho, jasho bichi la mtu wa kazi.

Jamani, aliitupa ile sururu! Akapanda mbio akihesabu. Kumi. Kumi na nne. Ishirini. Thelathini… na juu bado ni mbali.

"Saran!"

"Nipo! Panda, lete mkono!"

Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, mkono ameuning'iniza. Famoro akapanda, akapanda, mpaka vidole vyao vikakutana. Alilia kwa furaha, mwanamume mzima.

Kisha kitu kikamshika kifundo cha mguu.

Taratibu… bila haraka.

"Siku yetu ndiyo kwanza inaanza," sauti ikanong'ona chini yake. "Njoo na mwenzio."

Saran alianza kuvutwa. Kifua chake kilikwisha pita ukingo, mchanga ukimporomokea Famoro usoni.

"Mke wangu, niachie!"

"Sikuachii! Nikuachie nikamwambie nini Nyale?"

Nyale alikuwa nyumbani, bado ananyonya. Famoro akamuuma mkewe vidole. Akauma mpaka akaonja damu.

Mkono ukaachia.

Jumatatu hakuna aliyethubutu kusogea pale. Jumanne asubuhi vichwa vikajaa juu ya shimo. Famoro alikuwa amesimama chini, uso ameuinua, anawaona mmoja mmoja. Aliwaita mpaka sauti ikampasuka. Saran, vidole vimefungwa kitambaa, alikuwa akimtazama machoni kabisa.

"Hamna mtu," alisema mzee Kemoko, mkuu wa mashimo. "Wameshamchukua. Lizibeni, wasije wakataka na mwingine."

"Nipo hapa! Mama Nyale, nipo!"

"Pole, mwanangu," Kemoko alimwambia Saran. "Anza wewe. Ni haki yako."

Saran akapiga magoti. Alilia sana. Akachota udongo kwa mkono wake mzima, akaumwaga.

Ulimwingia Famoro kinywani.