Barabara Iko Wazi

Haya yalimpata rafiki yangu Noelene, huku kwetu mashambani Gippsland, kwenye moto wa msituni kila kiangazi. Mumewe Clive aliuona moshi wa moto huo kwa macho yake, lakini msomaji wa habari za simuni akasema barabara iko wazi. Akaenda, moto ukammaliza. Kampuni iliyotoa habari zile ikatuma pole iliyoandikwa na mashine, jina la marehemu limekosewa. Simu ya Clive, iliyoyeyuka ikawa donge la plastiki, Noelene akaifungia kwenye kopo la biskuti, bandani.

"Litupe hilo kopo, dada," jirani alimsihi.

"Nitupe ushahidi? Ili wale washenzi walale usingizi?"

Ikapita miaka miwili. Juzi jioni aliingia bandani kuchota chakula cha kuku. Giza tupu, kuku kimya. Mara sauti tamu ya yule msomaji wa habari ikatoka koponi: "Barabara iko wazi, Noelene. Njoo."

Alilifungua kwa hasira. Donge lile la plastiki lilikuwa bado la moto.