Stempu za Mzee Eliakim

Stempu zilikuwa zimegeuka. Wacera alikumbuka vizuri kwamba alizilaza kifudifudi juu ya gazeti, upande wa gundi ukitazama juu zisije zikashika, kisha akatoka kuanua nguo kabla mvua ya Kitale haijashuka. Aliporudi zilikuwa zimelala chali zote, na picha zake ziling'aa kwa unyevu, kama zilizorambwa.

"Lorraine, umegusa vitu za mami?"

"Sijagusa, mami."

"Sasa nani amegeuza? Paka?"

Hawakuwa na paka.

Wacera alitengeneza kadi za harusi, na hakuna pambo alilolipenda kama stempu kuukuu. Wenzake walimwaga unga wa kumetameta mpaka kadi ikawasha macho. Yeye alitaka ile rangi iliyopoa kwa miaka, na yale meno madogo ya ukingoni. Mkasi ulipopita, gamba la kombe lililochorwa kwenye stempu liligeuka sketi ya bibi harusi. Muchiri, mumewe, alimtania kila siku: "Watu wanapanda mahindi, wewe unapanda takataka."

Hizi alipewa na rafiki yake Wilkista, kwao Kabuchai, walipokuwa bado kwenye matanga ya babake, Mzee Eliakim. Mzee alikuwa na kijana aitwaye Ian, aliyeondoka nyumbani asirudi. Kila alipofika sokoni, mzee alinunua stempu, akairamba, akaibandika kwenye bahasha tupu, akaitia mkebeni akingoja apate anwani ya mwanawe. Alikufa akingoja.

"Beba tu, dada," Wilkista alisema. "Si zitaliwa na mende?"

Wacera akabeba, na watu wa boma hawajanyolewa nywele za kumaliza matanga. Nyumbani alizilowesha beseni zima zibanduke kwenye bahasha. Lorraine, aliyekuwa darasa la kwanza, alimsaidia kuzibandika: gundi ikikauka aliitolea ulimi, ikaamka. Mama alimwona akacheka. Stempu moja tu hakuikata. Ilikuwa ya kipepeo wa buluu, buluu ambayo hajawahi kuiona popote, akaificha ndani ya Biblia yake.

Baada ya stempu kugeuka, nyumba ilianza kunuka tumbaku, na Muchiri havuti. Mvua ya alasiri ikipiga mabati, sauti ya ulimi ilisikika sebuleni, ikiramba polepole, ikipumzika, ikiramba tena. Ulimi wa Lorraine ukawa mweupe na mkavu, na mtoto aliyekuwa akiongea kama kasuku akanyamaza kabisa. Daktari hakuona ugonjwa. Watu wa kanisa walikuja wakaomba, wakaenda zao wakinong'onezana.

Jioni moja Wacera alikuwa akimlisha mtoto uji, akimbembeleza, akimfuta kidevu, na ile harufu ya tumbaku ikazidi, na Lorraine akageuza shingo taratibu kuelekea mlangoni, akafungua kinywa, na ndani ya kile kinywa kidogo ikatoka sauti nzito ya mzee aliyechoka, ikisema Kibukusu, lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyeijua. Wacera aliogopa mtoto wake mwenyewe. Alimpigia Wilkista simu, akaisogeza karibu na kinywa cha mtoto.

Wilkista aliisikiliza sauti mpaka mwisho. Kisha akanong'ona, "Huyo ni baba. Anauliza kama Ian ameleta anwani. Mlete, dada. Leta na stempu zote."

Wacera alizunguka kwa wateja akizikusanya tena kadi kwa aibu na machozi, wengine wakimwona amerukwa na akili. Kule Kabuchai walipokelewa na Nasike, dada ya marehemu.

"Kitu ya mufu haitoki kwa boma kama watu hawajanyolewa," alisema. "Bado alikuwa anaitumia. Hii ni yote?"

Wacera akamkumbuka kipepeo. Ni mmoja tu, alijiambia, na hakuna aliyemramba kule kwetu.

"Ni yote, kukhu," alijibu, akimwita bibi kama walivyomwita watu wa boma.

Nasike alizifukia kando ya kaburi, akamsemesha kaka yake kwa upole, kama mtu anayemwomba jirani azime redio. Lorraine alikohoa, akatema kitu cheupe.

"Mami, nataka uji."

Wacera alilia mpaka akakaa chini.

Jioni iliyofuata, Kitale, chakula kilikuwa mezani na Muchiri alikuwa na furaha. "Mama Lorraine, leo omba wewe."

Alifungua Biblia atafute zaburi ya shukrani. Ukurasa ulikuwa umelowa. Kipepeo alikuwa amelala chali, aking'aa, na tumbaku ikanukia juu ya sahani. Muchiri na Lorraine walikuwa wamefumba macho, wakingoja. Wacera alitaka kusema Baba yetu, lakini ulimi ulikuwa umeshika kwenye kaakaa, na kinywa kizima kilikuwa na ladha ya gundi.

Ulipobanduka, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, imechoka, na iliuliza kwa Kibukusu kama Ian ameleta anwani.