Dakika Arobaini kwa Kila Bwawa

Nimelikana jambo hili mwaka mzima mbele ya mume wangu, mchungaji na hata kioo: ile ratiba niliiandika mimi... na niliiandika iue!

Nina miaka arobaini na tisa na digrii ya takwimu. Nasafisha mabwawa ya kuogelea ya hoteli na shule, kuanzia Kaplong hadi Silibwet. Nilikuwa na mafundi sita, mabwawa kumi na nane. Kila fundi matatu kwa siku, basi.

Msimamizi wa mafundi wangu alikuwa Wesley, mdogo wa mume wangu. Maneno matamu, mikono mikavu... hakuwahi kushika brashi!

Siku moja Chebet, fundi wangu bora, akaninong'oneza: "Madam, Wesley anafungua kampuni yake. Ameshaongea na wateja wako wote."

Shemeji niliyempikia ugali miaka minane!

Je, nilimfukuza? Hapana. Niliandika ratiba mpya: mafundi watatu, mabwawa yote, dakika arobaini kila bwawa. Safari haimo. Mvua haimo. Nikaiacha mezani, nikaenda kunywa chai. Kupitia dirisha nikamwona akiipiga picha... Digrii yangu ilikuwa imepata kazi hatimaye.

Akahama na wateja wote na mafundi watatu, Chebet akiwamo, maana kazi ilifuata wateja. "Shemeji, ulikuwa unaajiri watu bure," akanicheka. "Watatu wanatosha!"

Mvua ikaja. Pikipiki zikakwama kwenye tope, mabwawa yakawa kijani kama shamba la majani chai. Nilienda hotelini makusudi, nikakaa kando ya bwawa nikatazama wateja wakimfokea Wesley. Utamu ulioje!

Lakini Chebet, akikimbizana na bwawa la sita, alichanganya klorini na asidi katika ndoo moja. Mvuke ukamchoma mapafu. Akalazwa.

Kampuni ya Wesley ikafa, wateja wakanirudia. Wesley akaapa kwamba ratiba ilikuwa yangu. Nikakana, tena kwa machozi!

Wasomaji wenzangu, mimi si mtakatifu, na Wesley bado simhurumii. Ila kabla ya kulipiza kisasi, jiulizeni: ni nani atakayebeba ndoo?

Juzi simu ililia. Chebet, sauti imekwaruzika.

"Madam, siku yangu ya kwanza kazini uliniambia dakika arobaini hazitoshi bwawa moja. Ile karatasi ilikuwa yako?"

Akakohoa. Nikasubiri amalize... hakumaliza haraka.

"Ilikuwa yangu," nikasema.

"Asante, Madam. Wesley, umesikia?"

Nyuma yake sauti ninayoijua ikajibu polepole:

"Nimesikia. Na kaka pia amesikia."